Khrushchev: Mzee wa mikwara aliyekubali kuonekana ameshindwa

Leo naomba tuweke pembeni siasa za nyumbani na ubishi wa mpira, tumzungumzie mzee mmoja ambaye vijana wengi wanamjua kwa kisa kimoja tu, kwamba eti aligonga meza kwa kiatu pale Umoja wa Mataifa. Jina lake Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti baada ya Stalin mpaka mwaka 1964. Kisa chenyewe cha kiatu mpaka leo watu wanabishana. Kwamba aligonga meza kwa ngumi halina ubishi, ila waliokuwemo ukumbini hawakubaliani kama kiatu nacho kilitumika.

Mimi nasema kiatu si hoja. Kuna jambo kubwa zaidi alilofanya huyu mzee, na vijiweni halisemwi sana. Oktoba 1962 dunia ilikuwa imebakiza hatua chache kuingia kwenye vita vya nyuklia. Pande zote mbili zilirudi nyuma, lakini yeye alirudi hadharani, redioni, dunia nzima ikisikia, wakati wenzake wa upande wa pili walirudi kimyakimya. Akabeba aibu peke yake, na baada ya miaka miwili akapigwa chini.

Sasa swali langu ni hili: ilikuwaje mtu aliyezoea kuchimba mikwara kuliko kiongozi yeyote wa wakati wake akawa ndiye wa kukubali kuonekana ameshindwa? Tuanze mwanzo kabisa.

MTOTO WA KIJIJINI

Khrushchev alizaliwa Aprili 1894 katika kijiji cha Kalinovka, upande wa Urusi, jirani na mpaka wa Ukraine. Familia ilikuwa choka mbaya. Shule alisoma miaka michache tu. Mwaka 1908 familia ikahamia Yuzovka, mji wa migodi ya makaa ya mawe ambao leo unaitwa Donetsk. Huko kijana akajifunza ufundi chuma, akawa anakarabati mitambo ya migodini. Mwaka 1918 alijiunga na Wabolshevik na kuingia Jeshi Jekundu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki mke wake wa kwanza akafariki kwa maradhi.

Mwaka 1929 alikwenda Moscow kusoma katika Chuo cha Viwanda. Bahati ikamwangukia, kwani chuoni hapo alisoma pia Nadezhda Alliluyeva, mke wa Stalin. Kuanzia hapo jamaa akapanda ngazi mbiombio. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa bosi wa chama mjini Moscow, akisimamia ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, na mwaka 1938 akapelekwa kuongoza Ukraine.

Hapa lazima tuseme ukweli, tusimpake mtu asali. Miaka hiyo ndiyo ya msako mkubwa wa Stalin, watu walikamatwa na kuuawa kwa maelfu kwa maelfu. Khrushchev hakuwa mtazamaji. Alitia saini, alishangilia majukwaani, na wenzake wengi aliofanya nao kazi walipelekwa kupigwa risasi. Mikono yake ilikuwa na damu, na yeye mwenyewe alilijua hilo mpaka uzeeni.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili. Alikuwa Stalingrad, mwakilishi wa chama ndani ya jeshi. Mwanae Leonid, rubani wa ndege za kivita, alitoweka vitani mwaka 1943. Nchi yake ilipoteza watu wanaokadiriwa kuwa milioni 27. Mdau, shika namba hiyo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa ugomvi wake na NATO. Huyu vita hakusimuliwa, aliviona. Na aliyeivamia nchi yake alikuwa Mjerumani.

NATO NA MJERUMANI

NATO ilianzishwa Aprili 1949 na nchi 12, Marekani ikiwa kinara. Wazo lilikuwa rahisi: atakayemgusa mmoja amewagusa wote. Anayeogopwa alikuwa Mrusi, ambaye baada ya vita alikuwa ameshaweka majeshi na serikali anazozitaka katika nchi za Ulaya Mashariki.

Stalin alifariki tarehe 5 Machi 1953, na Septemba mwaka huo Khrushchev akawa Katibu wa Kwanza wa chama. Kuna jambo litakalokushangaza. Machi 1954 serikali ya Moscow ilipeleka barua kwa Marekani, Uingereza na Ufaransa ikisema iko tayari kufikiria kujiunga na NATO. Wakubwa wakaona hii danganya toto, wakakataa. Mei 1955 Ujerumani Magharibi ikapokelewa NATO na kuruhusiwa kuwa na jeshi tena. Kwa Warusi hilo lilikuwa kama kidonda kutiwa chumvi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, wakaanzisha umoja wao wa kijeshi, Mkataba wa Warsaw, wenye nchi 8. Ulaya ikawa mashati mawili, na kila mtu alipaswa kuvaa moja.

Februari 1956 Khrushchev aliwashtua wenzake. Katika hotuba ya faragha kwenye mkutano mkuu wa chama alifichua maovu ya Stalin. Watu wengi walitolewa vifungoni kipindi hicho. Lakini Novemba mwaka huo huo, Hungary ilipotangaza kujitoa kwenye Mkataba wa Warsaw, ni yeye aliyepeleka vifaru Budapest. Maelfu ya watu waliuawa. NATO ilipiga kelele tu, haikuingia.

Wiki hizo hizo Uingereza, Ufaransa na Israel zilikuwa zimeivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez. Moscow ikazikumbusha London na Paris kwamba ina maroketi. Baada ya muda mfupi wavamizi wakasimamisha vita. Kilichowabana hasa ni Marekani iliyowashika kwenye pesa, lakini Khrushchev akaamini ni mkwara wake uliofanya kazi. Hapo akajifunza somo baya. Akaona kumbe ukitisha, watu wanarudi nyuma.

MIKWARA INAANZA

Oktoba 1957 nchi yake ikarusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuzunguka dunia. Marekani ikatetemeka. Khrushchev akawa anajigamba kwamba makombora ya masafa marefu anayo tele. Ukweli ni kwamba kipindi hicho yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na Marekani ilikuwa imemzidi mbali. Mikwara ilikuwa nafuu kuliko makombora, na yeye alitaka fedha ziende kwenye nyumba za wananchi na mashamba ya mahindi.

Mahali alipopenda kuminya ni Berlin. Mji huu ulikuwa ndani kabisa ya Ujerumani Mashariki, lakini nusu yake ya magharibi ililindwa na majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa. Kwa tundu hilo watu wa Ujerumani Mashariki walikuwa wakitoroka kila siku. Tarehe 27 Novemba 1958 akatoa muda wa miezi sita: majeshi ya magharibi yaondoke, Berlin Magharibi iwe mji huru usio na jeshi. Desemba NATO ikajibu kwamba haitoki mtu. Miezi sita ikapita, hakuna lililotokea. Badala ya vita akapata mwaliko wa kwenda Marekani.

Safari hiyo ya Septemba 1959 ilikuwa ya aina yake. Fundi chuma wa migodini akatembezwa nchi ya mabepari karibu wiki mbili. Alikwenda Iowa kuona mahindi kwenye shamba la Roswell Garst. Alitaka kwenda Disneyland, akaambiwa usalama wake hauwezi kuhakikishwa, akawaka kweli kweli. Lakini aliondoka akiwa na matumaini. Mkutano wa wakubwa wanne ukapangwa kufanyika Paris Mei 1960.

Tarehe 1 Mei 1960 matumaini hayo yakaanguka kutoka angani. Ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2, iliyoruka kutoka Peshawar nchini Pakistan na ilikuwa itue Norway, nchi ya NATO, ikatunguliwa karibu na Sverdlovsk. Washington ikadai ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa iliyopotea. Khrushchev akauchuna kwanza, akawaacha waseme uongo wao wote, halafu akamtoa rubani, Francis Gary Powers, akiwa hai. Ilikuwa aibu kubwa kwa Rais Eisenhower. Lakini aibu ile haikumsaidia hata Khrushchev. Alikwenda Paris akataka aombwe radhi, Eisenhower akagoma, mkutano ukavunjika. Ukimweka mwenzako mahali asipoweza kutoka bila kuvuliwa nguo, hatoki. Somo hilo alikuja kulielewa baadaye.

NEW YORK NA WAAFRIKA

Septemba 1960 akapanda meli mpaka New York, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Hicho ndicho kikao cha kiatu. Kwetu sisi uzito ulikuwa kwingine. Mwaka huo nchi 16 za Afrika ziliingia Umoja wa Mataifa kwa mpigo. Khrushchev akapendekeza azimio la kumaliza ukoloni. Andiko lililopitishwa mwishoni, tarehe 14 Desemba, lilikuwa la nchi za Asia na Afrika zenyewe. Kura 89 ziliunga mkono, hakuna aliyepinga, 9 hawakufungamana na upande wowote. Kati ya hao 9 walikuwemo Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ureno na Ubelgiji, wote wa NATO. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja ipate uhuru wake.

Mwaka huo huo wa 1960 kilianzishwa Moscow chuo kikuu cha vijana wa nchi zinazoendelea, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba baada ya kuuawa kwake. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walisoma pale, na leo wengine ni babu zetu. Ni haki kumshukuru kwa hilo. Ni haki vilevile kukumbuka kwamba aliyekuwa akidai uhuru wa Waafrika New York ndiye aliyepeleka vifaru Budapest miaka minne kabla.

Juni 1961 akakutana na rais mpya wa Marekani, John Kennedy, mjini Vienna. Kennedy alikuwa ametoka kuumbuka kwa jaribio la kumpindua Fidel Castro wa Cuba. Khrushchev akamwona kijana laini, akamchimbia mkwara wa Berlin upya. Tarehe 13 Agosti ukuta ukaanza kujengwa. Oktoba vifaru vya Marekani na vya Kisovieti vikatazamana uso kwa uso kwenye kivuko cha Checkpoint Charlie, umbali wa kutupa jiwe. Usiku ule wakubwa wawili wakapelekeana ujumbe kwa njia ya siri. Asubuhi kifaru cha Kisovieti kikarudi nyuma mita chache, kisha cha Marekani nacho kikarudi, hivyo hivyo mpaka barabara ikawa nyeupe. Kumbuka nani alianza.

SIKU KUMI NA TATU

Marekani ilikuwa imeweka makombora 15 ya nyuklia aina ya Jupiter nchini Uturuki, mwanachama wa NATO tangu 1952. Ukitoka huko mpaka Urusi ni kuvuka Bahari Nyeusi tu. Mwaka 1962 Khrushchev akafikiri: kama wao wananiwekea mlangoni, kwa nini nami nisiwawekee? Tena nitamlinda Castro asipinduliwe. Kwa siri kubwa akasafirisha makombora na wanajeshi zaidi ya 40,000 kwenda Cuba kwa meli. Hii haikuwa mikwara tena. Makombora yalikuwa ya kweli.

Tarehe 14 Oktoba U-2 ikayapiga picha. Tarehe 22 Kennedy akatangaza kwenye televisheni kwamba manowari zake zitazuia meli zinazopeleka silaha Cuba. Washirika wa NATO hawakuombwa ushauri, walipewa taarifa tu, ingawa vita ikianza Berlin na Ulaya yote ingeungua kwanza. Castro naye kwa Warusi alikuwa hivyo hivyo. Wakubwa walikuwa wanacheza, wadogo wanaangalia.

Jumamosi ya tarehe 27 mambo yakafika shingoni. U-2 ya Marekani ikatunguliwa juu ya Cuba, rubani Rudolf Anderson akafa. U-2 nyingine ikapotea njia na kuingia anga ya Siberia. Baharini, manowari za Marekani zilikuwa zikiilazimisha nyambizi ya Kisovieti B-59 ipande juu, bila kujua kwamba ndani ina torpido ya nyuklia. Majenerali wa Washington walitaka kupiga. Castro alimwandikia Khrushchev kwamba Marekani ikivamia Cuba, Moscow isisubiri kupigwa kwanza. Mzee alipoipata barua hiyo alishtuka. Aliona wazi kwamba mchezo umeanza kumtoka mkononi.

Jioni ile Robert Kennedy, mdogo wake rais, akakutana faragha na balozi Anatoly Dobrynin. Makubaliano yalikuwa haya: Warusi watoe makombora Cuba, Marekani iahidi kutoivamia Cuba, na Jupiter za Uturuki zitaondolewa baada ya miezi michache. Sharti: habari ya Uturuki isitamkwe popote. Kwa nini? Kwa sababu Waturuki na NATO nzima wangejua kwamba silaha zao zimeuzwa mezani bila wao kuwepo.

Mdau, hapa ndipo roho ya hadithi ilipo. Khrushchev angeweza kukataa. Angeweza kusema kama mmekubali, semeni hadharani, nami nipate cha kuwaonyesha watu wangu. Hakufanya hivyo. Jumapili ya tarehe 28 Oktoba uamuzi wake ukasomwa Redio Moscow. Ilibidi redio itumike kwa sababu hakukuwa na njia ya haraka. Balozi Dobrynin alikuja kusimulia kwamba simu za maandishi za ubalozi wake zilikuwa zinachukuliwa na kijana wa baiskeli. Wewe unayelalamika kwamba mtandao wa kafe uko taratibu, fikiria hapo: makombora yanafika kwa dakika, barua inakwenda kwa baiskeli. Mwaka 1963 ndipo ukafungwa mtambo wa mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Moscow na Washington. Nao haukuwa simu nyekundu kama ya kwenye sinema, ulikuwa mashine za kuchapa maandishi.

Jupiter ziliondolewa Uturuki Aprili 1963. Khrushchev akakaa kimya, na siri ile ilifichuka rasmi mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye akiwa kaburini. Kwa miaka yote hiyo dunia iliambiwa Kennedy alikaza, Mrusi akafyata mkia.

KUPIGWA CHINI

Agosti 1963 mkataba wa kuzuia majaribio ya nyuklia angani, baharini na anga za juu ukatiwa saini Moscow. Lakini nyumbani wenzake walikuwa wamemchoka. Mahindi yalishindikana, nafaka ikabidi inunuliwe nje, alifokea watu ovyo, na aibu ya Cuba haikusahauliwa. Oktoba 1964, akiwa mapumzikoni kando ya Bahari Nyeusi, akaitwa Moscow kwenye kikao. Tarehe 14 Oktoba akaondolewa, Brezhnev akashika chama. Hakupigwa risasi. Akapewa pensheni na nyumba ya nje ya mji. Zamani za Stalin mtu wa cheo chake asingetoka hai, na kwamba alitoka hai ni kazi ya mabadiliko aliyoyaleta mwenyewe.

Akaishi akilima bustani na kurekodi kumbukumbu zake kwenye tepu, ambazo zilivushwa nje na kuchapishwa Magharibi mwaka 1970. Alifariki tarehe 11 Septemba 1971. Gazeti la chama likaandika mistari michache tu. Hakuzikwa kwenye ukuta wa Kremlin na wakubwa wenzake, alizikwa makaburi ya Novodevichy. Familia ikamwomba mchongaji Ernst Neizvestny, msanii ambaye Khrushchev alimfokea hadharani mwaka 1962, atengeneze mnara wa kaburi. Akautengeneza kwa mawe meupe na meusi yaliyopandana. Sidhani kuna wasifu mfupi kuliko huo.

TUNACHUKUA NINI?

Ile miungano miwili haipo kama zamani. Mkataba wa Warsaw ulivunjwa mwaka 1991. NATO ilibaki na kuongezeka, na Sweden ilipoingia mwaka 2024 ikafikisha wanachama 32. Donetsk, mji wa ujana wa Khrushchev, uliingia vitani mwaka 2014, na Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine nzima. Hata Crimea iliyogombaniwa ilihamishwa kutoka Urusi kwenda Ukraine mwaka 1954, yeye akiwa Katibu wa Kwanza. Mikwara ya nyuklia tukaisikia upya.

Kwetu tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Huwa tunausema kwa mpira na uchaguzi. Mimi naona unamfaa huyu mzee kuliko wote. Mikwara yake ndiyo iliyoifikisha dunia ukingoni, hilo tusimsamehe. Lakini alipofika ukingoni aliona watu wake milioni 27 waliokufa, akaona na mwanae, akachagua aibu. Na Kennedy naye apewe haki yake, kwa sababu alimwachia mwenzake mlango wa kutokea, jambo ambalo Paris halikufanyika.

Swali kwenu wadau: kiongozi anayerudi nyuma ili watu wasife, wananchi wake wanampa heshima au wanamcheka? Na kama kila anayerudi nyuma anachekwa na kupigwa chini, nani mwingine atakubali kurudi nyuma siku ya siku? Uwanja ni wenu, tuchangie hoja bila matusi.